UZI: Maneno ya adabu ya Kituruki na sarufi yake, kwa anayejua Kiswahili tayari

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Humu ndani kuna watu wengi wenye safari za Uturuki. Wapo wanafunzi wa Türkiye Bursları (ufadhili wa masomo wa serikali ya Uturuki) wanaoanza na mwaka mzima wa lugha, wapo wafanyabiashara wa nguo wanaoshuka Istanbul na kwenda moja kwa moja Laleli au Merter, wapo waliofanya kazi na mafundi wa Kituruki kwenye reli ya SGR hapahapa nyumbani. Karibu wote wanakariri orodha ileile: merhaba (habari), günaydın (habari za asubuhi), lütfen (tafadhali), teşekkür ederim (asante). Ni maneno mazuri, lakini hayatoshi, kwa sababu adabu ya Kituruki haikai sana kwenye "tafadhali" na "asante". Inakaa kwenye dua. Ukimkuta mtu anafanya kazi, unamtakia jambo. Akiwa anakula, unamtakia. Akinyoa, akinunua gari, akiugua, akifiwa, akipata mtoto, kila tukio lina dua yake, na ukipita kimya unaonekana hujali.

Sasa, dua hizo nyingi mno zimejengwa kwa kiambishi kimoja: -sin. Kiambishi hicho kinafanya kazi ileile ya -e yetu ya mwisho katika "aje", "iwe", "apone". Ndiyo sababu nimeamua kuandika uzi huu. Vitabu vingi vya kujifunzia Kituruki vimeandikiwa watu ambao lugha zao hazina kitu hicho, kwa hiyo vinawapa sentensi za kukariri kama kasuku. Sisi tunaweza kuelewa kilichomo ndani.

Kwanza herufi, haraka. Uturuki iliacha maandishi ya Kiarabu kwa sheria ya tarehe 1 Novemba 1928 na kuchukua herufi za Kilatini. C inasomwa kama J yetu (cuma, Ijumaa, ni "juma"). Ç ni ch, Ş ni sh. Ğ haina sauti yake, inavuta tu irabu iliyotangulia, kwa hiyo sağ inasikika kama "saa" ya mvuto. Ö ni "e" inayosemwa midomo ikiwa mviringo, Ü ni "i" ya namna hiyohiyo. I isiyo na nukta (ı) ni "u" inayosemwa midomo ikiwa imetandazwa. Hiyo ya mwisho ndiyo itakayokusumbua, lakini watu watakuelewa.

Tuanze na "kolay gelsin". Kolay ni rahisi, nyepesi. Gel- ni mzizi wa kuja. -sin ndiyo ile "-e". Kwa hiyo: ije kwa wepesi. Unamwambia yeyote aliye kazini: mfagiaji wa barabara, dada wa kaunta benki, mwanafunzi aliyeinamia vitabu maktaba, jirani anayepandisha sofa ngazini. Ndiyo "pole na kazi" yao. Unaweza kuitumia unapofika, unapopita tu, au unapoondoka, na anayejibu husema "sağ ol" au "teşekkürler", zote ni asante. Kama ungeniambia nichague neno moja la kumpa mgeni anayeshuka uwanja wa ndege, ningempa hili kabla ya "asante".

Ukishaijua gelsin, angalia hizi:

"Afiyet olsun": ol- ni kuwa, olsun ni iwe. Afiyet ni afya yetu. Iwe afya. Anaisema aliyepika, mhudumu anayeweka sahani, hata mtu anayepita kando ya meza ya watu asiowajua wakiwa wanakula. Inasemwa kabla ya chakula, katikati na baada.

"Sıhhatler olsun": sıhhat ni siha. Anaambiwa aliyetoka kunyolewa au kuoga. Mitaani utasikia watu wakisema "saatler olsun", imepindapinda kwa kusemwa haraka.

"Hayırlı olsun": hayır ni heri, -lı ni "-enye". Iwe yenye heri. Hii ni ya kitu kipya: kazi, duka, gari, nyumba, hata simu.

"Yolun açık olsun": yol ni njia, -un ni yako, açık ni wazi. Njia yako iwe wazi. Ya msafiri.

Mmeona -sin imegeuka -sun? Irabu ya kiambishi inafuata irabu ya mwisho ya shina. Baada ya e au i ni -sin: gelsin, versin. Baada ya a au ı ni -sın: kalsın. Baada ya o au u ni -sun: olsun, korusun. Baada ya ö au ü ni -sün: görsün, büyütsün. Wageni wengi hulalamika hapa, lakini sisi tuna jambo la namna hii tangu utotoni. Tunasema pika-pikia, funga-fungia, kata-katia, lakini soma-somea, cheka-chekea. Hakuna aliyetufundisha lini -i- igeuke -e-, sikio ndilo linaloamua. Lipeni sikio muda litaamua na Kituruki pia.

Mkipanda teksi na chenji ni ndogo, semeni "üstü kalsın". Kal- ni kubaki. Baki ibaki kwako.

Mchangiaji wa 2

Shukrani kwa uzi mkuu. Swali: kuna "nasılsın" ambayo nimeambiwa maana yake ni "hujambo" au "u hali gani". Ile -sın nayo ni dua?

Mleta uzi

Hapana, na umeuliza jambo la msingi. Kuna viambishi viwili vinavyofanana sura. Kimoja ni cha dua, kinamhusu mtu wa tatu (yeye, hiyo), na kinagandana moja kwa moja na mzizi mtupu wa kitenzi: gel-sin, aje. Kingine ni cha nafsi ya pili, "wewe", nacho kinakaa baada ya alama ya wakati au baada ya neno lisilo kitenzi: gel-ir-sin, wewe huja; nasıl-sın, wewe (u) vipi. Kwa hiyo tazama kilicho kabla ya -sin. Ukiona mzizi mtupu wa kitenzi, ni dua au amri. Ukiona -ir, -ar, -iyor na wenzake, au ukiona sifa, ni "wewe".

Kwa mtu wa heshima ni nasılsınız, na jibu ni "iyiyim, siz nasılsınız?" İyi ni -zuri, -im ni mimi, na ile y ya katikati imewekwa ili irabu mbili zisigongane.

Mchangiaji wa 3

Mimi ni mtu wa Laleli, nakwenda kuchukua mzigo. Nikilipa muuzaji ananiambia kitu kama "bereket versin". Na asubuhi kuna mmoja aliipokea hela yangu akasema "siftah". Nilikuwa natabasamu tu.

Mleta uzi

Ver- ni kutoa, kupa. Bereket ni baraka. Atoe baraka, na anayetoa ni Mwenyezi Mungu ingawa hatajwi. Muuzaji anaisema anapopokea pesa. Ukitaka kumjibu vizuri sema "bereketini gör", uione baraka yake. Siftah ni mauzo ya kwanza ya siku, yale ya kufungulia duka, na wenyewe husema "siftah senden, bereket Allah'tan": kufungua kumetoka kwako, baraka zinatoka kwa Mungu. Ukiwa mteja wa kwanza una nafasi nzuri ya kuelewana bei, kwa sababu wengi hawapendi mteja wa kufungulia aondoke mikono mitupu.

Ukitoka dukani usiseme kwaheri tu. Sema "hayırlı işler". İş ni kazi au biashara, -ler ni wingi. Biashara njema.

Na kwa kuomba upunguziwe: "biraz indirim yapar mısınız?" Neno indirim ni punguzo, na ndani yake kuna kitu kizuri. In- ni kushuka. In-dir- ni kushusha. Yaani wanatia -dir- pale sisi tunapogeuza shuka kuwa shusha. Kauli ya kutendesha ipo kwao kama ilivyo kwetu, na inakaa mahali palepale, baada ya mzizi.

Mchangiaji wa 4

Mkuu umesema kolay gelsin ni pole. Mimi nimeambiwa pole ni "geçmiş olsun". Ipi ni ipi?

Mleta uzi

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo Mswahili anapoweza kumuumiza mtu bila kukusudia.

"Pole" yetu ni pana sana. Tunampa aliyechoka, anayeumwa, aliyejikwaa, aliyeibiwa, na aliyefiwa. Kituruki kimeigawa sehemu tatu, na hazichanganywi.

Kwa mwenye kazi mkononi ni kolay gelsin, tumeshaiona.

Kwa mwenye maradhi au aliyepatwa na jambo baya lenye mwisho ni "geçmiş olsun". Geç- ni kupita, -miş inaonyesha jambo lililokwisha kutendeka, olsun ni iwe. Iwe imekwisha pita. Unamwambia mgonjwa, aliyetoka upasuaji, aliyepata ajali, aliyeibiwa simu, aliyefeli mtihani, na hata aliyetoka jela. Daktari anaisema mwisho wa kukuandikia dawa, mfamasia anaisema akikupa mfuko. Jibu ni "sağ olun".

Kwa mfiwa ni "başınız sağ olsun". Baş ni kichwa, -ınız ni chenu (au chako kwa heshima), sağ ni -zima, hai. Kichwa chako kiwe kizima. Dua inamwendea aliyebaki. Usimwambie mfiwa geçmiş olsun hata siku moja, maana ni kama unamwambia msiba wake upite kama mafua. Anayefiwa anaweza kukujibu "dostlar sağ olsun", marafiki wawe wazima. Marehemu naye ana dua yake: "Allah rahmet eylesin", Mungu amrehemu, na "mekânı cennet olsun", makazi yake yawe pepo. Kwa familia unaweza kuongeza "Allah sabır versin", Mungu awape subira. Neno versin mnalikumbuka kutoka kwa muuzaji wa Laleli.

Ukiwa na mashaka na hujui imani ya watu wale, başınız sağ olsun peke yake inatosha kabisa. Haina neno la dini ndani yake.

Mchangiaji wa 5

Mimi ni Mkristo na ninakwenda kusoma Ankara. Hizi zote za Allah nitazitumiaje?

Mleta uzi

Ndugu, Allah kwa Kituruki ni neno la kila siku kama Mungu kwetu, na hakuna atakayekushangaa ukilitumia. Lakini pia hulazimiki. Kolay gelsin, geçmiş olsun, hayırlı olsun, eline sağlık, güle güle kullan, hazina jina hilo kabisa. Ukijaza siku yako na hizo tu, utaonekana mtu mwenye malezi.

Hiyo "eline sağlık" sikuieleza. El ni mkono, -in ni wako, -e ni "kwa, kwenye", sağlık ni afya. Afya mkononi mwako. Unamwambia aliyepika, aliyekunyoa, aliyekutengenezea kitu. Yeye anajibu afiyet olsun kama ni chakula. Kwa heshima ni elinize sağlık. Hapa -sin haipo, lakini inahisiwa: afya iwe. Muundo huu unahama kwenda kwenye viungo vingine. Aliyeimba au aliyesema maneno mazuri anaambiwa "ağzına sağlık", afya kinywani mwako. Aliyejisumbua kuja kukutembelea anaambiwa "ayağına sağlık", afya mguuni mwako. Angalia lakini: ağız ni kinywa, ikipata kiambishi ile ı ya pili inadondoka, inakuwa ağz-ın-a. Ayak ni mguu, ile k inalainika ikiwa katikati ya irabu, inakuwa ayağ-ın-a. Mabadiliko haya yako kila mahali, na ndiyo yanayofanya mtu ashindwe kulitambua neno analolijua.

Na "güle güle kullan" ni ya mtu mwenye kitu kipya. Gül- ni kucheka, -e ikirudiwa mara mbili inaonyesha namna ya kutenda: ukichekacheka. Kullan ni tumia. Nguo mpya ni "güle güle giy", vaa ukicheka. Nyumba mpya ni "güle güle oturun", kaeni mkicheka. Güle güle peke yake anaisema anayebaki kumwambia anayeondoka. Anayeondoka yeye anasema "hoşça kalın", bakini vizuri, au ile ya zamani kidogo, "Allahaısmarladık", tumekukabidhi kwa Mungu. Wakibadilishana, yaani anayeondoka akisema güle güle, kila mtu anasikia kasoro.

Wote wawili wanaweza kusema "görüşürüz". Hebu tuikate: gör- ni ona, -üş- ni -an- (kutendana), -ür- ni wakati, -üz ni sisi. Tuikate na yetu: tu-ta-on-an-a. Vipande ni vilevile. Sisi tunaweka nafsi na wakati mbele ya mzizi, wao wanaviweka nyuma. Kauli ya kutendana wote tunaiweka baada ya mzizi. Mimi nilipoliona hili neno kwa jicho hilo, Kituruki kilianza kunifungukia.

Mchangiaji wa 6

Naona mengi hapa ni Kiarabu: afiyet, sıhhat, hayır, bereket, sabır. Anayejua Kiswahili cha pwani au Kiarabu si anamaliza bila shida?

Mleta uzi

Anapata mwanzo mzuri, lakini anahitaji tahadhari, kwa sababu matumizi yamehama.

Chukua hayır. Ni heri, ndiyo, lakini ndilo pia neno la "hapana". Ukiuliza kama chumba kipo ukajibiwa hayır, usifurahi.

Chukua estağfurullah. Mwislamu wa kwetu akisema astaghafiru anaomba msamaha kwa Mungu au ameshtushwa na jambo baya. Mturuki anaisema pia anaposifiwa, anaposhukuriwa, au mwenzake anapojishusha. Ukisema "wewe ni mwalimu hodari", anajibu estağfurullah. Ukisema "samahani Kituruki changu kibovu", anajibu estağfurullah, yaani usiseme hivyo. Ni jibu la unyenyekevu la hali ya juu, na ukilitumia mahali pake utaona nyuso zinavyobadilika.

Chukua rica. Mzizi wake ndio uliotupa sisi "taraji". Rica ederim ni "karibu" ya kujibu asante, na pia ni "nakuomba". Ed- hapo ni et- (kufanya), ile t inageuka d ikifuatwa na irabu, -er ni wakati, -im ni mimi. Teşekkür ederim imejengwa vilevile, ni na-shukuru. Mkiwa wengi ni teşekkür ederiz. Ule wakati wa -er/-ir wanauita geniş zaman, wakati mpana, na unalingana sana na -a- yetu ya "nashukuru", "naomba": si sasa hivi tu.

Kwa kuomba radhi kuna tatu. "Özür dilerim": özür ni udhuru, dile- ni kuomba. Naomba udhuru. Hii ni nzito, ya aliyekosa kweli. "Kusura bakmayın": kusur ni ndugu wa kasoro yetu, -a ni "kwenye", bak- ni tazama, -ma- ni kukanusha, -yın ni ninyi. Msitazame kasoro. Hii ni ya mambo madogo: umechelewa kidogo, nyumba haijapangwa, chai imepoa. "Affedersiniz", mnasamehe, ni ya kumsimamisha mtu njiani kumuuliza njia. Kwa Mswahili zote ni "samahani", ila kule ukimwambia mpita njia özür dilerim kwa kumuuliza saa, atakuelewa lakini umetumia mzigo mkubwa kwa kazi ndogo.

Hiyo -ma- au -me- ya kukanusha ikae kichwani. Gelmesin ni gel-me-sin, sisi ni a-si-j-e. "Allah göstermesin", Mungu asituonyeshe. Inasemwa balaa inapotajwa. Ila kuna -ma nyingine inayounda jina: çalışma ni kazi, na "iyi çalışmalar" ni kazi njema ya watu wa ofisini. Çalışma hiyohiyo mkazo ukirudi nyuma, ça-LIŞ-ma, inakuwa "usifanye kazi".

Mchangiaji wa 7

Na heshima ya umri je? Sisi tuna shikamoo. Wao wanamwitaje mkubwa?

Mleta uzi

Hawana shikamoo ya mdomo, wana sen na siz. Sen ni wewe wa karibu: rafiki, mtoto, mdogo wako. Siz ni ninyi, lakini inatumika kwa mtu mmoja unayemheshimu au usiyemjua: ofisa, profesa, mzee, mteja. Ndiyo maana baadhi ya maneno hapa yana sura mbili, eline na elinize, sağ ol na sağ olun, hoş geldin na hoş geldiniz. Ukiwa hujui, nenda na siz. Mwenyewe akitaka mkaribiane atakuambia.

Ukikaribishwa hoş geldiniz, umekuja vizuri, unajibu "hoş bulduk", tumekuta vizuri. Hata ukiwa peke yako ni -duk, tu-. Usiibadilishe.

Kwa majina, cheo kinakuja baada ya jina la kwanza: Ayşe Hanım (Bi Ayşe), Mehmet Bey (Bwana Mehmet). Serikali ilifuta vyeo vya bey, efendi na paşa kwa sheria namba 2590 ya Novemba 26, 1934, lakini bey na hanım havikutoka mdomoni mwa watu. Mtaani kuna abi (kaka mkubwa), abla (dada mkubwa), amca (ami, baba mdogo) na teyze (mama mdogo wa upande wa mama). Hapo Mswahili yuko nyumbani, kwani dereva wa daladala ni abi na mama wa sokoni ni teyze. Mwalimu, na chuoni karibu kila mtu, ni hocam. Ile -m ni "wangu".

Na hiyohiyo -m ipo kwenye efendim, ambalo ni neno la kuitika. Ukiitwa unasema efendim, kama naam au abee. Unapokea simu, efendim. Hukusikia vizuri, unapandisha sauti: efendim? Efendi ndiye afande wetu. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alipounda jeshi la Wajerumani kupambana na Abushiri pwani, alichukua askari Wasudani kutoka Misri, na vyeo vya jeshi la kule vilikuwa vya Kituruki. Wakaja na efendi, wakaja na ombasha (onbaşı, mkuu wa kumi) na shaushi (çavuş, sajini).

Siku za Idi, bayram, mdogo anaubusu mkono wa mkubwa kisha anaugusisha kwenye paji lake la uso. Mkubwa anaweza kujibu "el öpenlerin çok olsun". Öp- ni busu, -en ni yule kiungo wetu wa "anaye-", -ler ni wingi, -in ni wako, çok ni -ingi. Wanaokubusu mkono wawe wengi. Yaani na wewe uzeeke uheshimiwe.

Mchangiaji wa 5

Na nikiwa mgahawani, lütfen natumia wapi?

Mleta uzi

Kidogo tu. Upole wa kuomba wanauweka kwenye kitenzi, kwa swali. Kumwita mhudumu ni "bakar mısınız?", je, mnatazama? Kuomba chai ni "bir çay alabilir miyim?": al- ni chukua, -abil- ni weza, -ir ni wakati, mi ni "je", -yim ni mimi. Naweza kupata chai moja? Ile mi inaandikwa peke yake lakini irabu yake inafuata neno lililotangulia, na nafsi inaning'inia juu yake. Kufungiwa mlango ni "kapıyı kapatır mısınız?" Ukisema amri ukabandika lütfen mwishoni, unaweza kusikika kama umechoka kusubiri.

Akikuletea chai atasema "buyurun". Buyur- ni kuamuru: amuruni. Ni karibu yetu kwa matumizi mengi: ingia, kaa, chukua, kula, nikusaidie nini. Wewe mwenyewe itumie unapompa mtu kiti au unapompisha mlangoni.

Mchangiaji wa 3

La mwisho mkuu. Jamaa yangu wa Merter mkewe amejifungua na mdogo wake anaoa mwezi ujao. Nimwandikie nini?

Mleta uzi

Kwa mtoto: "Gözünüz aydın. Allah analı babalı büyütsün." Sentensi ya kwanza ni "macho yenu yana nuru", ya mwenye habari njema. Ya pili: ana-lı, mwenye mama, baba-lı, mwenye baba, büyü- ni kua, büyü-t- ni kuza, -sün ni dua. Mungu amkuze akiwa na mama na baba. Mtu unayemzoea kabisa mwandikie gözün badala ya gözünüz.

Kwa harusi: "Allah bir yastıkta kocatsın." Bir ni moja, yastık ni mto, -ta ni "kwenye", koca- ni kuzeeka, -t- ni kutendesha, -sın mnaijua. Mungu awazeeshe kwenye mto mmoja. Hii usitume sasa, ngoja siku ya ndoa. Kwa sasa mwandikie "hayırlı olsun" tu.

Na akikutumia picha ya mtoto, neno la kwanza liwe maşallah. Sifa zingine zifuate baada ya hapo, maana wanaogopa sana jicho la hasidi kwa mtoto mchanga.